Sheria Isiyofuatwa Bado ni Sheria? Na Katiba Iliyopinduliwa?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa sheria, mwaka wa pili. Kwenye semina tuliambiwa kwamba sheria iliyopitishwa inabaki kuwa sheria hata kama hakuna anayeifuata. Baadaye tukasoma kesi ya Matovu ya Uganda, ambamo majaji wanasema Katiba ya 1966 ni halali kwa sababu ilikuwa imeshashika nchi nzima. Nashindwa kuunganisha. Ufanisi wa sheria una uzito kisheria au hauna? Na nikiulizwa kwenye mtihani kama Matovu iliamuliwa sawasawa, niseme nini?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mwalimu wako wa semina yuko sahihi, na majaji wa Matovu nao hawakuitoa hoja yao hewani. Kinachokuchanganya ni kwamba mmoja anazungumzia kifungu kimoja cha sheria na wengine wanazungumzia mfumo mzima wa sheria wa nchi. Swali la ufanisi lina jibu tofauti kwa kila kimoja.

Tuanze na kifungu kimoja. Uhalali wa sheria ni swali la asili yake: imetungwa na mwenye mamlaka, kwa utaratibu uliowekwa, bila kupingana na sheria iliyo juu yake? Ufanisi ni swali la maisha yake baada ya kutungwa: watu wanaifuata, na wasipoifuata vyombo vya dola vinaitekeleza? Kanuni inayotaka abiria wa bodaboda avae kofia ngumu ni halali, na wewe unajua ni abiria wangapi wanaivaa mtaani kwenu. Siku askari wa barabarani akiamua kusimama kwenye makutano na kitabu chake cha faini, utetezi wa "mbona wote hawavai" hautamsaidia mtu. Linganisha na mifuko ya rambo. Tarehe 1 Juni 2019 katazo lilipoanza Tanzania Bara, wenye maduka walikuwa wameshaiondoa kwenye kaunta kabla askari hajapita. Katazo la rambo lina ufanisi mkubwa na kanuni ya kofia ina ufanisi mdogo, lakini kwa uhalali zote zinakaa kiti kimoja.

Mfano mkali kuliko wote ninaoujua unatoka Uingereza. Mwaka 1817 binti aitwaye Mary Ashford alikutwa amekufa karibu na Birmingham. Abraham Thornton alishtakiwa na akaachiwa huru. Kaka wa marehemu, William Ashford, akafufua njia ya zamani iliyomruhusu ndugu wa damu kumshtaki mtuhumiwa upya. Thornton, kwa ushauri wa mawakili wake, akajibu kwa silaha ya zamani zaidi: alisimama mahakamani, akatupa glavu ya ngozi sakafuni, akadai haki ya kupigana na mshtaki wake mwili kwa mwili, Mungu aamue. Utaratibu huo ulikuwa haujatumika kwa karne kadhaa. Ulikuwa umekufa vichwani mwa watu wote isipokuwa kwenye vitabu. Aprili 1818 majaji, wakiongozwa na Lord Ellenborough, wakasema, kwa kusitasita, kwamba hiyo ndiyo sheria ya nchi kwa kuwa Bunge halijaifuta. Ashford, kijana mdogo wa umbo, akakataa pambano, na Thornton akaenda zake nyumbani. Mwaka 1819 Bunge likaifuta sheria hiyo haraka haraka.

Huo ndio msimamo wa mfumo wa sheria tuliorithi sisi wa Afrika Mashariki: sheria ya Bunge haifi kwa kuzeeka wala kwa kupuuzwa, inakufa kwa kufutwa. Si kila mahali wanaona hivyo. Scotland, kwa mfano, inakubali kwamba sheria za Bunge lao la kabla ya 1707 zinaweza kupoteza nguvu kwa kutotumika kwa muda mrefu. Hans Kelsen naye alikuwa upande huo, na hapo ndipo tunapoingia kwenye Matovu.

Kelsen alizaliwa Prague mwaka 1881, akashiriki kuandika katiba ya Austria ya 1920, akaikimbia Ulaya ya Hitler, akafia California mwaka 1973. Alitaka kueleza sheria bila kuichanganya na siasa, dini wala maadili. Kila kanuni, alisema, inapata uhalali wake kutoka kwa kanuni iliyo juu yake: faini ya trafiki kutoka kwa sheria ya Bunge, sheria ya Bunge kutoka kwa katiba, katiba ya sasa kutoka kwa ile iliyoitangulia, mpaka unafika kwenye katiba ya kwanza kabisa. Na hiyo je? Hapo tunachukulia tu kwamba inapaswa kufuatwa. Dhana hiyo ndiyo kanuni ya msingi. Lakini kwa nini wanasheria wa nchi fulani wachukulie hivyo kwa katiba hii na si ile iliyopinduliwa juzi? Jibu la Kelsen: kwa sababu hii ndiyo ambayo, kwa sehemu kubwa, inafuatwa. Mfumo mzima ukiacha kufuatwa, hakuna mwanasheria mwenye akili timamu anayeendelea kuuchukulia kuwa sheria.

Soma hilo polepole, maana watu wengi hukwama hapa. Kelsen hakusema mfumo ni halali kwa sababu unafuatwa. Alisema kufuatwa ni sharti ambalo likikosekana uhalali hauwezi kusimama. Mtu hawezi kuishi bila maji, lakini maji siyo sababu ya yeye kuzaliwa. Tofauti hiyo ni ndogo kwenye karatasi. Mahakamani ilipotea kabisa.

Ilianza kupotea Pakistan. Tarehe 7 Oktoba 1958 Rais Iskander Mirza aliifuta katiba na kutangaza utawala wa kijeshi. Tarehe 27 mwezi huo huo mahakama ya juu kabisa ya nchi, chini ya Jaji Mkuu Muhammad Munir, ikaamua katika kesi ya Dosso kwamba mapinduzi yaliyofaulu ni njia inayotambulika ya kubadili katiba, na Kelsen akatajwa kama shahidi. Usiku wa siku ile ile Jenerali Ayub Khan akamwondoa Mirza. Siku 20 zilitosha kuwashawishi majaji kwamba mpangilio mpya umeshika, na kabla wino wa hukumu haujakauka, Mirza aliyefaidika nayo akawa hana kazi.

Uganda ikafuata. Februari 1966 Waziri Mkuu Milton Obote alitwaa madaraka yote na kuisimamisha Katiba ya 1962. Tarehe 15 Aprili Bunge likapitisha katiba mpya ambayo wabunge walikuwa hawajaisoma. Waliambiwa watakuta nakala kwenye visanduku vyao vya barua, na hadi leo Waganda wanaiita kwa jina la visanduku hivyo. Mwezi Mei hali ya hatari ikatangazwa Buganda, jeshi likaivamia ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, pale Mengo, Kabaka Mutesa akakimbilia London. Michael Matovu, chifu wa saza (jimbo la Buganda), alikamatwa mwezi huo huo na kuwekwa kizuizini. Akaiomba Mahakama Kuu iamuru aletwe mbele yake na uhalali wa kumshikilia uchunguzwe.

Jaji Mkuu Udo Udoma, Mnigeria, alikaa na majaji Sheridan na Jeffreys Jones. Kabla ya kufika kwenye kizuizi chenyewe ilibidi wajiulize kizuizi hicho kinapimwa kwa katiba ipi. Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Godfrey Binaisa, alisema hilo ni jambo la siasa ambalo haliihusu mahakama. Majaji walikataa, wakalipokea swali. Hapo nawapa heshima yao. Kisha wakajibu kwa Kelsen na kwa Dosso: palikuwa na badiliko la ghafla la kisiasa, badiliko ambalo katiba ya zamani haikulitarajia, mpangilio wa zamani umevunjwa isipokuwa yale yaliyobakishwa, na mpangilio mpya una ufanisi. Basi Katiba ya 1966 ni halali. Februari 1967 ombi la Matovu likakataliwa.

Sasa niambie, huo ufanisi waliupimaje? Kwa hati za viapo zilizoletwa na upande wa Serikali, zikieleza kwamba katiba mpya imekubalika na inatekelezwa nchi nzima. Mahakama ikasema hakuna ushahidi wa kinyume ulioletwa mbele yake. Mimi nikifika hapo huwa naweka kalamu chini. Mtu aliyekuwa mbele yao alikuwa kizuizini kwa sheria za hali ya hatari, na hali ya hatari ilitangazwa kwa sababu sehemu muhimu ya nchi ilikuwa imekataa mpangilio ule mpya. Mengo ilikuwa imepigwa risasi. Ushahidi wa kinyume haukuhitaji hati ya kiapo. Ulikuwa ndiyo kesi yenyewe. Chifu mmoja kwenye selo hathibitishi kwamba serikali haikuwa imeshika, hilo nakubali. Lakini kati ya nchi kutii kwa sababu imekubali na nchi kutii kwa sababu jeshi liko mtaani pana tofauti, na hukumu ile haina chombo cha kuipimia.

Kuna jambo la pili, na hili ndilo ningependa ulishike kuliko yote. Jaji anapouliza kama mpangilio mpya umeshika, anauliza kuhusu kitu ambacho yeye mwenyewe ni sehemu yake. Mahakama zikiendelea kukaa, zikitoa amri kwa jina la utawala mpya, hiyo ni sehemu kubwa ya kushika kwenyewe. Kipimajoto cha kawaida hakibadilishi joto la chumba; jaji anabadilisha anachokipima kwa kukipima tu. Kwa hiyo majaji wa Uganda, kama wale wa Pakistan, hawakuwa watazamaji waliosimama ng'ambo ya mto wakiandika nani amevuka.

Obote alipinduliwa na Idi Amin Januari 1971, na Amin akatoa Tangazo la Kisheria Namba 1 la 1971 kubadili katiba kwa amri. Kwa mantiki ya Matovu, naye alikuwa sawa. Binaisa, aliyeitetea hoja hiyo mahakamani, aliukwaa urais Juni 1979, na Mei 1980 wanajeshi wakamwondoa.

Ukitaka kuona upande mwingine wa shilingi nenda Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe. Tarehe 11 Novemba 1965 Waziri Mkuu wake, Ian Smith, alijitangazia uhuru kutoka Uingereza. Machi 1968 Malkia Elizabeth alitoa msamaha kwa Waafrika watatu waliohukumiwa kifo. Kwa sheria ya London msamaha ule ulikuwa halali kabisa. Tarehe 6 Machi watu hao walinyongwa Salisbury, mji mkuu wa Rhodesia. Julai mwaka huo Baraza la Faragha la London, mahakama ya mwisho ya rufaa kutoka makoloni, katika kesi ya Madzimbamuto, ambayo mke wa mfungwa wa kisiasa ndiye aliyeifungua, likaamua kwamba utawala wa Smith si halali: mtawala halali bado anajitahidi kurudisha mamlaka yake, hivyo huwezi kusema mnyang'anyi ameshashika moja kwa moja. Ni hoja nzuri, na naipenda kuliko ya Udoma. Smith aliipuuza. Septemba mwaka huo mahakama ya rufani ya Rhodesia yenyewe ikamtambua kikamilifu. Majaji wawili waliokataa kuutambua utawala ule waliachia ngazi mwaka huo huo. Uasi ule dhidi ya London ulidumu mpaka Desemba 1979. Uhalali ulikuwa London, ufanisi ulikuwa Salisbury, na Madzimbamuto alikuwa kwenye kizuizi cha Salisbury.

Mahakama za baadaye zilijifunza. Pakistan yenyewe iliitupa Dosso mwaka 1972 katika kesi ya Asma Jilani na kumwita Jenerali Yahya Khan mnyang'anyi wa madaraka, ingawa walisubiri mpaka awe ameondoka. Grenada, katikati ya miaka ya 1980, Jaji Haynes alisema haitoshi mapinduzi kufaulu: wananchi wawe wamekubali na kutii kwa ridhaa, na utawala usiwe wa kukandamiza. Iliyokwenda mbali zaidi ni Fiji. Machi 2001, katika kesi ya mkulima aitwaye Chandrika Prasad, Mahakama ya Rufani ilisema serikali iliyoingia kwa mabavu ndiyo yenye mzigo wa kuthibitisha kwamba watu wameikubali, na ukimya wa watu walioogopa hauhesabiki kuwa kukubali. Ikaamua kwamba katiba ya 1997 bado iko hai. Weka hukumu hiyo kando ya ile ya Matovu: ufanisi ule ule unapimwa, ila mzigo wa ushahidi umehamishwa kutoka kwa mfungwa kwenda kwa mwenye bunduki.

Uganda nayo imejibu, kwa maandishi. Ibara ya 3 ya Katiba yao ya 1995 inasema katiba hiyo haitapoteza nguvu hata kama utekelezaji wake utakatizwa na serikali iliyoingia kwa silaha. Huko ni kujibizana na Kelsen ana kwa ana. Je, karatasi inaweza kuzuia kifaru? Haiwezi, lakini inampa jaji wa kesho mahali pa kusimama, kama ilivyokuwa Pakistan 1972. Umoja wa Afrika pia umeacha mtindo wa zamani wa kumtambua yeyote aliyelala ikulu: Mkataba wake wa Demokrasia, Uchaguzi na Utawala Bora wa 2007 unawazuia waliofanya mapinduzi kugombea kwenye uchaguzi wa kurudisha utawala wa kiraia. Utekelezaji wake umekuwa wa kuchechemea, wewe mwenyewe unasoma habari.

Na Zanzibar? Najua utauliza. Katiba ya Desemba 1963 iliishi siku 33. Baada ya Januari 12, 1964 haikufutwa kwa utaratibu iliouweka yenyewe. Ilikoma kwa sababu mpangilio ilioutegemea ulikoma, na Visiwa havikupata katiba nyingine kamili mpaka 1979. Kwa Kelsen hiyo ni sura safi ya anachokisema: hakuna aliyekuwa anafanya kazi kana kwamba katiba ile ipo.

Kabla ya mtihani wako, angalizo. Ufanisi unatajwa kwenye sheria kwa maana nyingine ambazo usizichanganye na hii. Kuna suala la tarehe ya kuanza kutumika: Tanzania, kwa kifungu cha 14 cha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, ni siku ya kuchapishwa kwenye Gazeti la Serikali isipokuwa sheria yenyewe iseme vingine, Kenya, kwa Ibara ya 116 ya Katiba, ni siku ya 14 baada ya kuchapishwa. Hata kujitoa kuna tarehe yake. Tanzania ilipoondoa Novemba 2019 tamko linaloruhusu watu binafsi kuishtaki moja kwa moja kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha, hatua hiyo ilianza kuuma Novemba 2020, kwa sababu Mahakama ilishaamua kwenye kesi ya Ingabire dhidi ya Rwanda kwamba lazima mwaka mmoja upite.

Kuna pia ufanisi wa nafuu ya kisheria. Katika shauri la Dawda Jawara, Rais wa Gambia aliyepinduliwa 1994, Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilieleza vizuri: njia ya ndani ya nchi inahesabika kuwa na ufanisi ikiwa inatoa matumaini ya kushinda. Kama mahakama za nyumbani zimefungwa mdomo kwa amri ya kijeshi, hulazimiki kuzunguka huko kwanza.

Na kuna hukumu zilizo halali lakini zimebaki kwenye jalada. Juni 2013 Mahakama ile ya Afrika ya Arusha iliamua kwamba Tanzania kumlazimisha mgombea apitie chama cha siasa kunakiuka haki za raia. Mchungaji Christopher Mtikila, mmoja wa walioleta shauri hilo, alifariki Oktoba 2015, na uchaguzi wa mwezi ule ule ukafanyika bila mgombea binafsi hata mmoja. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilithibitisha kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vinavyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18, vinapingana na Katiba. Mwaka mmoja uliotolewa wa kuvirekebisha ulipita Bunge halijavigusa. Hapa tumerudi kwa mwalimu wako wa semina: hukumu isiyotekelezwa haijaacha kuwa hukumu.

Mtihani sasa. Mtahini akikuuliza kama Matovu iliamuliwa sawasawa, usimpe hotuba juu ya ubaya wa Obote, wala usijifiche nyuma ya Kelsen. Mweleze kwanza kwamba Kelsen alikuwa anaeleza namna wanasheria wanavyofikiri baada ya vumbi kutulia, hakuwa anampa jaji kipimo cha kutumia vumbi likiwa bado hewani. Kisha nenda kwenye ushahidi: nani aliapa, alikuwa na maslahi gani, muda gani ulikuwa umepita, nani alibeba mzigo wa kuthibitisha. Taja Madzimbamuto kwa hoja ya mtawala ambaye bado hajakata tamaa, taja Prasad kwa hoja ya mzigo. Mimi ningeandika kwamba majaji walikuwa na haki ya kulipokea swali na walikosea namna ya kulipima. Mwenzako anaweza kuandika kinyume akapata alama zile zile, mradi aonyeshe ameona zile hati za viapo.

Na usisahau mstari huu mmoja ambao wanafunzi wengi huuacha: Matovu ni uamuzi wa Mahakama Kuu ya Uganda. Kwa jaji wa Tanzania au Kenya unashawishi tu, haumfungi.